Karatasi Niliyowaachia Watu wa Katiba

Majina sitaandika. Wakili wa serikali amenionya kwamba faili iko mezani kwake na mdomo wangu unaweza kuiharibu. Lakini cheo si jina. Vyeo nitavitaja, maana vimenikaa kooni miaka mingi mno, na mtu aliyeishia darasa la saba akipata kalamu hana sababu ya kuwaogopa wenye digrii.

Wa kwanza ni msimamizi wa zamu.

Mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa vibarua katika kiwanda cha ngozi, Eneo la Viwanda, Thika. Kiwanda chenyewe hakipo tena. Pale sasa wanaegesha malori. Tulifanya kazi upande wa maji, ambako ngozi mbichi zilifika kutoka Garissa na Isiolo zikiwa na chumvi na manyoya, zikalowekwa kwenye chokaa na dawa mpaka manyoya yang'oke. Uchafu wote wa upande ule uliteremkia kwenye shimo moja chini ya sakafu, lenye mfuniko wa chuma na ngazi ndani. Tope likijaa, mtu mmoja hushuka na ndoo, mwenzake hubaki juu na kamba. Nani ashuke, msimamizi aliandika kwa mkono wake kwenye karatasi, akatia sahihi na tarehe, akaibandika kwenye mlango wa stoo. Hapakuwa na kubishana na mlango wa stoo.

Mimi na ndugu yangu tulikuwa na alama yetu. Ndoo ikijaa, aliye chini anaigonga kwenye ngazi mara mbili, aliye juu anavuta. Siku ile zilipanda ndoo mbili. Ya tatu iligongwa mara moja tu. Nilisimama na kamba mkononi nikisubiri kugongwa kwa pili.

Sijui nilisubiri kwa muda gani. Najua kwamba mpaka leo sijamaliza. Siku hizi ni mlinzi wa ploti ya kupangisha kule Mwihoko, orofa nne, na wanawake wakiosha sufuria pale mferejini mkono wangu hujifunga wenyewe. Chuma kikigongwa mara moja, nasimama palepale nilipo. Mpangaji mmoja, mshonaji wa nguo, aliwahi kuniuliza, "Mzee, unasikiliza nini?" Nikamwambia nasikiliza kama maji yameisha kwa tangi. Akacheka. "Tangi iko juu, wewe unaangalia chini."

Niliposhuka kumfuata ndugu yangu, harufu ilinipiga usoni, ile ya mayai yaliyooza. Halafu ikaisha. Ndani ya pumzi mbili tatu pua yangu ikawa safi kama niko shambani baada ya mvua. Kumbe hapo ndipo gesi ile inapoua, pua ikishachoka kukuonya. Nilimkuta amekaa kwenye tope, mgongo ukutani, kidevu kifuani, kama mtu aliyepumzika kidogo. Nikamshika kola ya ovaroli. Baada ya hapo sikumbuki. Mzee mmoja Mwislamu wa Majengo, mkata ngozi, ndiye aliyeteremka nusu ya ngazi na kitambaa chenye maji usoni, akanipitisha kamba kwapani, wakanivuta. Ndugu yangu walimtoa kwa ndoano ya kuvutia ngozi.

Kwa hivyo harufu mbaya hainisumbui. Nipitishe kando ya mtaro wowote wa kwetu Kamenu, nitakwenda nikipiga hadithi. Kinachonitisha ni harufu inapokwisha ghafla. Nimewahi kumwacha mgeni na chai yake mezani, nikatoka nje mbio, kwa sababu tu upepo uligeuka na sikusikia tena takataka za jirani. Viatu vya ngozi sivai. Nimezika watu na kuozesha wasichana nikiwa na viatu vya plastiki.

Wa pili ni meneja. Alishuka kutoka ofisini akiwa na koti, akasimama mbali kidogo na tope, akamwambia polisi aliyekuwa akiandika, "Hawa vijana wanakunywa. Huyu hakutumwa na mtu. Alijitosa mwenyewe."

Yule mzee wa Majengo alikuwa bado ana matope mpaka magotini. "Bwana mkubwa," akasema, "mimi pombe naisikia kabla haijafunguliwa chupa. Huyu kijana nimekuwa naye tangu saa moja. Labda umenusa koti lako."

Watu wakacheka, na marehemu amelazwa pale. Mimi nilikuwa natapika, nami nikacheka. Lakini mzee hakuandikwa. Meneja ndiye aliyeandikwa.

Maneno yale mawili, alilewa na alijitosa, yalikuwa na miguu myepesi kuliko yetu. Yalifika kanisani kabla ya jeneza. Wazee wa kanisa letu pale Kamenu wakasema aliyekufa kwa pombe hafanyiwi ibada ndani, na kina mama wakamwimbia kaburini. Wala jina lake halikuingia katika kitabu cha wafu, kile kinachosomwa Jumapili moja kila mwaka, majina yote, kila familia ikisimama jina la mtu wao linapofikiwa. Mama yetu amekaa kwenye benchi lake kila mwaka tangu hapo, akisikiliza kitabu kikipita mahali ambapo mwanawe angekuwa. Hilo tu ndilo analolitaka kabla hajaenda. Jina lisomwe, naye asimame.

Karatasi ya msimamizi haikupotea siku ile. Mzee wa Majengo aliibandua kwenye mlango wa stoo kabla mwenyewe hajaikumbuka, akaniletea hospitalini imekunjwa ndani ya kofia yake. "Weka," akaniambia. "Meneja anasema hakuna aliyetumwa. Hii itasema." Polisi mpelelezi, mtu mwema, aliiona, akaniambia niitunze mwenyewe hadi siku nitakapoitwa kizimbani, maana vitu hupotea. Msimamizi na meneja wakashtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Kesi ikatajwa mara ya kwanza, ikatajwa mara ya pili.

Mara ya tatu akaja wa tatu wangu, wakili wa serikali kutoka Nairobi. Suti ya kijivu. Hakutuangalia. Alimpa hakimu karatasi moja. Hakimu akaisoma kwa Kiingereza, na katikati yake kulikuwa na maneno mawili ambayo hata Kiingereza hayakuwa, ni Kilatini, nilikuja kuambiwa. Mkalimani akayaruka. Msimamizi na meneja wakashuka kizimbani wakipeana mikono.

Nilimfuata mkalimani koridoni. "Wamesema nini?"

"Serikali haitaki kuendelea."

"Kwa sababu gani?"

"Haisemi sababu. Sheria haiilazimishi."

"Na mimi nimeulizwa na nani?"

Akanitazama kwa huruma, nami sikuitaka. "Ndugu, wewe ni shahidi tu. Kesi ni ya serikali."

Baadaye nilikuja kuelezwa. Katiba ya wakati ule ilimpa Mwanasheria Mkuu, na waliofanya kazi kwa jina lake, uwezo wa kuisimamisha kesi yoyote ya jinai kabla ya hukumu, bila kuomba ruhusa ya mtu. Uwezo huo ulitoka Uingereza pamoja na zile kofia za nywele za majaji, ukaandikwa katika katiba iliyokubaliwa London kabla ya uhuru. Mwingereza alifunga mizigo yake akaenda. Huo mzigo mmoja akatuachia, na wetu wakauokota haraka kuliko walivyookota mashamba.

Kisha zikaja habari kwamba watu wa katiba wanazunguka nchi kukusanya maoni, na siku fulani watakuwa Ruiru, katika ukumbi wa kanisa moja. Ati wanaandika sheria ambayo hata Mwanasheria Mkuu atakaa chini yake. Mzee wa Majengo alikuwa ameshakufa kwa ugonjwa wa kifua. Nikawaza peke yangu. Kama hawa wanaandika kitu kilicho juu ya mtu aliyefunga kesi yangu, basi hawa wako juu yake, na aliye juu anaweza kufungua kilichofungwa na wa chini. Nilivaa shati jeupe kama mtu anayekwenda kortini. Kwangu ilikuwa korti.

Ukumbi ulijaa. Mama mmoja alitaka katiba impe binti haki ya kurithi, mwingine akataka katiba imkataze mama mkwe kuhamia kwa mwanawe, na watu wakampigia makofi huyo wa pili zaidi. Mbele walikaa makamishna watatu, karani mwenye kinasa sauti, na mgeni mmoja Mwafrika, si wa hapa, kutoka nchi moja ya kusini ambako nao walikuwa wametoka tu kuandika katiba yao. Alikuwa akinong'onezewa Kiingereza.

Nilisema yote katika dakika nilizopewa. Nikaiweka karatasi mezani.

"Asante sana, ndugu yetu," akasema kamishna wa kike. "Sasa maoni yako ni gani?"

"Maoni yangu ni hiyo karatasi."

Watu wakacheka. "Tunakuelewa. Lakini unataka katiba iseme nini?"

Nikaisukuma karatasi karibu yake. Ndipo mgeni akainama, akauliza kupitia kwa aliyekuwa akimnong'oneza: kabla kesi haijafungwa, kuna mtu yeyote aliyepaswa kuulizwa?

"Hakuna," nikasema.

"Ungetaka nani aulizwe?"

"Hakimu aulizwe. Na mimi niulizwe."

Karani akaandika. Nikatoka. Nilikuwa nimefika mlangoni alipokuja mbio nyuma yangu. "Ndugu, umesahau karatasi yako."

"Sijasahau. Wakimaliza kuamua nitaijia."

"Hii si kopi, ni yenyewe. Chukua tu. Sisi hatuamui kesi."

"Weka wewe."

Alinitazama, akatazama karatasi, akaiandika namba juu, akarudi nayo ndani. Nimewahi kumlaumu karani huyo. Hana kosa. Baba yetu alikuwa mzee wa kiama, lile baraza la wazee wa kwetu, na sisi tulikua tukijua kwamba kitu ukishakiweka mbele ya wazee, iwe ngozi ya mbuzi wako aliyeibwa au jiwe la mpaka, hukigusi mpaka wazee wainuke. Ukikichukua kabla hawajaamua, umekiri mwenyewe kwamba ulikuwa unadanganya. Ningewezaje kukibeba kitu changu kurudi Kamenu?

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu wote. Kuna nyingine.

Jina lililoandikwa kwenye karatasi ile lilikuwa langu.

Asubuhi ile niliposoma mlango wa stoo, niliogopa shimo. Nilimwambia ndugu yangu nina kifua. "Kimeanza lini?" akauliza. Nikasema tangu jana. "Jana ulikuwa unaimba," akasema, na tayari alikuwa ameshika ndoo. "Haya, kaa hapo juu na hicho kikohozi chako cha mdomo." Nikakohoa ili aamini. Kifua changu kilikuwa kizima kabisa. Kifua nilicho nacho leo nilikipata nikimfuata.

Pale Ruiru nilisoma amri ya msimamizi kwa sauti, nikasoma tarehe, nikasoma na sahihi. Jina sikusoma. Hakuna aliyeuliza. Kwa hivyo kama niliiacha karatasi kwa kuheshimu desturi ya baba au kwa kutaka itoke nyumbani mwangu, sitawadanganya, sijui. Nilirudi kwa miguu mpaka barabara kuu na mikono ilikuwa myepesi. Wepesi huo ninaukumbuka vizuri, nao unanitia aibu.

Miaka ikapita. Tukapiga kura ya ndizi na chungwa, ndizi ndiyo, chungwa hapana, na ile rasimu ya kwanza ikaanguka. Tukapigana wenyewe kwa wenyewe. Ikaja rasimu nyingine. Kwa kinyozi pale Kamenu watu hawakuzungumza kingine. "Hii kitu imeokotwa huko na huko," akasema dereva mmoja wa lori akiwa na povu la sabuni shavuni. "Seneti ya Marekani, kaunti za Afrika Kusini. Yetu ni gani hapo?"

"Na ile ya kwanza ilipikwa hapa Makongeni?" kinyozi akamuuliza. "Tulia nisikukate."

Mimi nilikuwa na langu. Pale kiwandani ngozi zilitoka kaskazini, dawa zilikuja kwa mapipa yenye maandishi ya Kijerumani, mashine ya kukamua ilikuwa ya Italia, na kilichotoka mlangoni kiliitwa ngozi ya Thika. Hakuna aliyeamka asubuhi akauliza pipa limetoka wapi. Tuliuliza nani anashuka shimoni leo.

Nikapiga kura ya ndiyo. Na kijitabu kilipotoka nilikisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka nikafika mahali panaposema mashtaka yametolewa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, yamepewa mkurugenzi wa mashtaka, na mkurugenzi huyo hawezi kuiacha kesi bila ruhusa ya korti. Niliweka kidole hapo nikashindwa kukitoa. Hakimu aulizwe. Maneno yangu. Niliwaonyesha wapangaji, niliwaonyesha wauza mboga. "Hapa ni ndugu yangu," nikiwaambia, na wao wakitafuta picha. Niliishi na hilo. Mtu akiniuliza alikufaje, nilimjibu kwamba yuko ndani ya katiba ya nchi, kisha nikabadilisha hadithi kabla hajauliza la pili.

Mwaka jana kanisa lilipata katibu mpya, mwalimu mstaafu, mwanamke wa kusema na kutenda. Mama akamwendea. "Mama," katibu akamwambia, "niletee karatasi yoyote yenye muhuri wa serikali inayosema hakuwa mlevi. Nitamwandika kwa mkono wangu." Mama akanipigia simu Mwihoko. Hakusema habari, hakusalimu. "Wewe ndiye ulikuwa huko," akasema. "Nenda ulete karatasi."

Nikaenda ofisi ya mashtaka na kijitabu changu mfukoni.

Wakili wa serikali wa siku hizi ni msichana, angeweza kuwa mwanangu. Alisimama nilipoingia. Alikuwa ameitisha faili ya zamani, na kumbe ile karatasi ya mtu wa suti ya kijivu haikusema wale wawili hawana hatia. Ilisema serikali imeacha tu, na kilichoachwa kinaweza kuokotwa. Meneja alihama nchi zamani. Msimamizi yuko Ruiru, amepooza upande mmoja, anaongea.

"Kwa hivyo kifungu changu kinafanya kazi," nikamwambia.

"Kifungu chako, mzee?"

Nikatoa kijitabu. "Hiki. Nilikitoa mimi, Ruiru."

Hakucheka. Alikisoma kana kwamba hajawahi kukiona. "Wacha nikuambie ukweli," akasema. "Hiki kina ndugu zake katika katiba za nchi zingine. Waandishi walisoma za wenzetu, wakachukua, wakapunguza, wakaongeza. Na wananchi pia walisema. Wengi walisema kama wewe, kila mahali."

"Kwa hivyo kiliazimwa."

"Na kile kilichofunga kesi yako, chenyewe kilizaliwa hapa?"

Nilikuwa nahisi kama mtu aliyeambiwa kaburi analopalilia miaka yote ni la mtu mwingine.

Akafungua daftari. "Mashahidi?"

"Mzee wa Majengo alikufa. Nimebaki mimi."

"Hapa mpelelezi ameandika kuna karatasi ya msimamizi. Iko wapi?"

Nikamweleza. Aliweka kalamu chini, akafumba macho kidogo. "Orijino, mzee?"

"Orijino."

"Basi kimebaki kinywa chako. Karatasi ilisema nini?"

Nikamwambia. Shimo, ndoo, saa, sahihi.

"Jina la nani?"

Nataka msomaji ajue nilichokiona wakati ule, kwa sababu kilikuwa wazi kuliko ukuta. Nikisema jina la ndugu yangu, kesi inasimama wima: alitumwa kwa mkono na kwa sahihi, hakujitosa. Karatasi haipo, mzee hayupo, nani angenipinga? Nikisema jina langu, wakili wa msimamizi atasimama aseme, mnaona, yule marehemu hakutumwa na mtu. Nikaangalia dirishani. Pua ilikuwa safi.

"Langu," nikasema.

"Na yeye alishuka kwa nini?"

"Nilimwambia nina kifua."

"Ulikuwa nacho?"

"Hapana, madam."

Aliandika. Kalamu yake ilikuwa ya polepole sana. "Unajua hii inawasaidia wao."

"Najua."

"Nikipima vile mambo yamekaa, mwingine angerudisha hii faili kwa kabati leo. Nikishtaki halafu nitake kuacha, lazima niende kwa hakimu, na hakimu atataka kusikia wewe unasema nini. Heri nikuulize mapema. Niendelee ama niwache? Unasema aje?"

Nilikuwa nimekaa miaka hiyo yote nikitaka kuulizwa. Nilizunguka na neno hilo, nikalisema mbele ya makamishna, nikaliona limechapishwa. Sikuwahi kuwaza kwamba anayeulizwa lazima ajibu, na kwamba jibu litatoka katika kinywa hikihiki kilichokohoa.

"Usiwache," nikasema. "Yule hakuandika mtu, madam. Aliandika mwili wa kushuka shimoni. Hakulipima shimo kama lina gesi, hakutupatia kitu cha kuvaa usoni, hakuacha mfuniko wazi hata usiku mmoja lipumue. Jina langu au lake, yeyote angeshuka angekufa. Nimwambie hivyo hata akiwa kitandani. Na mimi uniandike mshtakiwa wa pili, kama kuna mahali pa kuniandika."

"Sheria haina mahali pa kukuandika wewe," akasema.

"Basi imesahau."

Akanisomea maelezo yangu yote, nikatia sahihi kila ukurasa. Hakuniahidi kitu. Aliniambia pia kwamba hawezi kunipa barua ya kusema ndugu yangu hakuwa mlevi, kwa sababu serikali haijaamua hivyo. Anachoweza kunipa ni nakala ya maneno yangu mwenyewe, yamegongwa muhuri. Ndani yake kulikuwa na neno la pombe, kwamba hakuonja, na neno la kifua. Yote mawili kwenye ukurasa mmoja. Nilimuuliza kama anaweza kunigongea muhuri nusu ya juu tu. "Mzee," akasema, na hakumaliza.

Mama nilimkuta uani kwake, Kamenu, akichambua maharagwe kwenye ungo. Macho yake hayasomi tena. "Umeleta?" Nikasema nimeleta. "Soma."

Nilisoma. Nilipofika kwenye kifua nilisoma haraka.

"Rudia hapo."

Nikarudia. Mikono yake iliendelea na maharagwe, ikatoa mawe mawili, ikayatupa.

"Na alikuwa amekunywa?"

"Hapana, mama."

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa. Muhuri huu hapa." Nikakishika kidole chake nikakiweka juu ya muhuri. Alikiondoa kidole, akachukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaikunja, akaitia ndani ya leso.

"Kwa katibu nitapeleka mwenyewe."

"Tutaenda wote, mama. Njia ina mawe."

"Wewe rudi kazini."

Faili haijafungwa. Naulizia kila mwezi, na msichana yule hunijibu kwa heshima kwamba inapimwa. Jumapili ya kitabu cha wafu nilitoka Mwihoko alfajiri, nikafika Kamenu kabla ya kengele. Mama alikuwa ameshakaa, kwenye benchi letu, mahali pake. Nilipomkaribia alichukua mkoba wake kutoka mapajani, akauweka kando yake, mahali ninapokaa mimi. Nikasimama nyuma, karibu na mlango, pamoja na wageni. Katibu alisoma kwa sauti ya mwalimu. Alipofika kwa ndugu yangu, aliyasoma majina yake yote matatu, bila kuharakisha, na mama akasimama peke yake.